Mzigo Ukianguka Barabarani, Nani Hulipa?

Wakati wa kuvuna miwa au viazi, barabara za skimu hujaa malori na matrekta yenye matela. Mizigo hupandishwa juu mno, na pengine hufungwa kwa kamba moja iliyochakaa. Tuseme gunia la viazi laanguka na kumvunja mguu mtu apitaye kwa baisikeli. Hakuona kamba ikikatika, wala hajui kama ilifungwa. Je, aweza kumdai mwenye lori?

Aweza. Jambo hili liliamuliwa Uingereza mwaka 1863, katika kesi ya Byrne na Boadle. Byrne alikuwa akipita njiani mjini Liverpool. Pipa la unga likaanguka kutoka dirisha la Boadle, mfanya biashara wa unga, likamwumiza vibaya. Watu waliliona likianguka, lakini hakuna aliyeweza kueleza kosa lililofanyika huko ndani. Kwa sababu hiyo kesi ilitupwa mara ya kwanza. Majaji wa juu hawakukubali. Jaji Pollock alisema kwamba pipa haliwezi kutoka ghalani pasipo uzembe wa mtu. Ni juu ya mwenye ghala kujieleza. Byrne akapata pauni 50.

Mahakama za Kenya hufuata kanuni hiyo, yaani jambo lajisema lenyewe. Lakini haimsaidii mtu asiyeweza kuonyesha gunia lilitoka gari gani, na hapo ndipo wengi hushindwa. Basi namba ya gari iandikwe papo hapo, pamoja na majina ya walioona. Polisi waelezwe siku ile ile, na karatasi yao ya ajali ichukuliwe. Risiti za hospitali zitunzwe. Kipande cha kamba kisitupwe!

Mkulima aliyekodi lori asidhani hayamhusu. Ikiwa watu wake ndio waliopakia na kufunga, aweza kushtakiwa pamoja na mwenye lori. Tena Sheria ya Barabarani, Sura 403, yakataza kupakia gari kwa namna iliyo hatari kwa wengine. Hilo ni kosa hata kama hakuna aliyeumia. Turubai na kamba mbili nzima ni gharama ndogo kuliko mguu wa mtu.

Bima ya gari, kwa Sura 405, hulipa waliojeruhiwa, lakini mwisho wake ni shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Hukumu ikizidi hapo, kilichobaki hudaiwa mwenye gari mwenyewe. Mwenye baisikeli naye akiwa alipita usiku bila taa, hakimu aweza kumpunguzia fidia kwa kadiri ya kosa lake.

Madai ya namna hii yapelekwe mahakamani kabla ya miaka 3 kupita tangu siku ya ajali. Mazungumzo ya nyumbani na mwenye lori, hata yakiwa mazuri, hayasimamishi hesabu ya miaka hiyo.