SOMO: Zana Zilizomo Ndani ya Simu Yako



Katika vijiji vingi vya Tarime na Serengeti sasa zimo simu za kupangusa. Wengine huziita tachi. Tumewauliza wanakisomo wetu: simu yako unaitumia kwa kazi gani? Wengi wamejibu: kupiga, kupokea, kutuma hela, na kumulika njia usiku. Basi. Mama mmoja alicheka, akasema, "Mwalimu, kumbe mimi nimenunua tochi ya bei mbaya!"

Simu hiyo imekuja na zana ndani yake. Umekwisha kuzilipia siku ile uliponunua simu. Leo tutatazama tatu: saa, kikokotoo na kamera. Zote zinafanya kazi bila bando.

Kwanza, lugha. Kama simu yako inaandika Kiingereza, usivumilie tu. Simu nyingi zinajua Kiswahili. Bonyeza alama ya gurudumu lenye meno. Hapo ndipo penye mipangilio. Tafuta mahali pa lugha, chagua Kiswahili. Ukishindwa, mwombe kijana akubadilishie, lakini kaa naye uone anavyofanya.

SAA

Zana hii hupiga kengele kwa wakati unaoutaka. Lakini hapa pana mtego, na sisi walimu hatukuufundisha mapema. Kosa hilo ni letu.

Baba mmoja wa Serengeti alikuwa na mtoto mwenye malaria. Zahanati ilimpa mtoto dawa ya mseto. Dozi ya kwanza alipewa saa 4 asubuhi. Dozi ya pili hutolewa baada ya saa 8, yaani saa 12 jioni. Baba akaandika 12 katika simu, akachagua PM. Kengele ikalia saa 6 mchana! Zilikuwa zimepita saa 2 tu. Kwa bahati mama alikuwa anahesabu kwa vidole, akakataa kumpa mtoto dawa.

Simu haikukosea. Simu inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Kati ya hesabu hizo mbili kuna tofauti ya saa 6. Mwenye saa ya mkono anajua jambo hili. Mshale mfupi ukielekea 8, sisi tunasoma saa 2. Tunasoma namba ya upande wa pili. Fanya vivyo hivyo kwenye simu. Saa 12 jioni ni 6:00 PM. Saa 1 asubuhi ni 7:00 AM. Herufi AM ni kuanzia saa 6 usiku mpaka saa 6 mchana. Herufi PM ni kuanzia saa 6 mchana mpaka saa 6 usiku.

Dozi za mseto ni sita kwa siku tatu. Baada ya zile mbili za kwanza, ni asubuhi na jioni. Weka kengele ya kila dozi, hata kama mtoto ameanza kucheza.

KIKOKOTOO

Hii ni mashine ya kufanyia hesabu. Tuseme umepima magunia 7 ya mahindi. Uzito wake ni kilo 92, 95, 90, 88, 94, 91 na 93. Jumlisha kila gunia linapotoka kwenye mizani. Utapata kilo 643. Bei ni shilingi 650 kwa kilo. Zidisha: 643 mara 650. Jibu ni shilingi 417,950. Mnunuzi akikuhesabia 397,950, muulize hizo 20,000 zimekwenda wapi. Mwonyeshe simu.

Kikokotoo hakioni lumbesa, lakini. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100. Ukiuza kwa gunia lililofungwa kilemba, hesabu yako itakuwa sahihi na hasara itabaki palepale. Uza kwa mizani.

Wale wanaouza Sirari watumie kikokotoo kubadili fedha ya Kenya. Uliza kwanza bei ya shilingi moja ya Kenya siku hiyo, kisha zidisha.

KAMERA

Vijiji vinavyopakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti vinaijua taabu ya tembo. Usiku mmoja tu, shamba limekwisha. Tangu mwaka 2011 ziko kanuni za kifuta jasho. Malipo yake si thamani ya mazao yote, na wakulima wanalalamika kwamba hukawia. Hata hivyo, asiyetoa taarifa hapati kitu.

Asubuhi, tembo wakishaondoka, piga picha. Tafadhali usimfuate tembo usiku ili umpige picha! Piga nyayo, na weka mguu wako kando yake ili ukubwa uonekane. Piga mabua yaliyovunjika. Simama mbali kidogo, upige shamba zima pamoja na mti au mlima unaojulikana. Simu huandika tarehe na saa ya kila picha. Kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba tarehe ya simu ni sahihi. Simu iliyozimika muda mrefu huweza kuandika mwaka wa uongo.

Kisha pima kwa hatua sehemu iliyoharibiwa. Wengi wetu huhesabu eka moja kuwa hatua 70 kwa 70, yaani 4,900. Kama ni hatua 35 kwa 28, zidisha, upate 980. Gawanya kwa 4,900. Ni eka 0.2. Nenda siku hiyohiyo ofisi ya kijiji, uandikishe, na umwombe mtendaji amwarifu afisa wanyamapori. Picha hazichukui nafasi ya kuandikisha.

JIZOEZE

1. Mtoto amepewa dozi ya kwanza ya mseto saa 7 mchana. Utaweka kengele ya dozi ya pili kwenye namba gani, na herufi zipi?

2. Tembo wameharibu sehemu ya hatua 49 kwa 40. Ni eka ngapi?

3. Katika kikundi chenu, nani simu yake ina tarehe isiyo sahihi? Irekebisheni leo.