Nafasi kati ya Aya katika Barua ya Maombi

Barua ya kikundi inayoomba mkopo wa halmashauri huweza kumwagikia ukurasa wa pili, sahihi za viongozi zikatengana na maombi yenyewe. Ukurasa huo ukipotea, barua haina mwenyewe. Chanzo mara nyingi si wingi wa maneno: tangu toleo la 2013, Microsoft Word huongeza yenyewe pointi 8 baada ya kila aya, na kila mstari wa anwani uliomalizwa kwa Enter huhesabiwa kuwa aya. Kupunguza ukubwa wa herufi ni kumtesa msomaji bure. Mwandishi achague mistari ya anwani, abofye kitufe cha kulia cha kipanya, afungue “Paragraph”, kisha penye “After” aandike 0. Aya za maelezo zatosha pointi 6.