Odysseus, Shujaa wa Akili Nyingi

Wasomaji wetu, katika somo hili twataka kuwaeleza habari za shujaa mmoja wa Wayunani wa kale, ambaye sifa yake haikutokana na nguvu za mkono tu, bali zaidi na werevu wa akili. Jina lake ni Odysseus, mfalme wa kisiwa kidogo cha Ithaca, na wengi humjua pia kwa jina la Ulysses.

Habari zake zimo katika tenzi mbili kuu, Iliad na Odyssey, ambazo Wayunani walisema kuwa ni kazi ya mshairi Homer. Wataalamu wengi hudhani kwamba zilitungwa karibu na karne ya 8 au ya 7 kabla ya kuzaliwa Kristo. Odyssey ina mistari ipatayo 12,000, nayo imegawanywa katika vitabu 24. Visa vya namna hii viliimbwa kwa kinywa kabla ya kuandikwa. Katika miaka ya 1930 Mmarekani mmoja, Milman Parry, alikwenda Yugoslavia kuwasikiliza waimbaji wasiojua kusoma, akaonyesha jinsi mtu awezavyo kuimba maelfu ya mistari pasipo kitabu.

Yasimuliwa kwamba Wayunani waliuzingira mji wa Troy kwa muda wa miaka kumi wasiweze kuuvunja. Ndipo likatumika shauri la Odysseus. Walijenga farasi mkubwa wa mbao, mashujaa wakajificha tumboni mwake, na jeshi lililobaki likajifanya limeondoka. Watu wa Troy wakamwingiza farasi yule mjini kwa furaha. Usiku mashujaa wakatoka, wakawafungulia wenzao malango, na mji ukateketezwa. Hivyo jambo lililoshindikana kwa mikuki ya miaka kumi likawezekana kwa hila ya usiku mmoja.

Vita vilipokwisha Odysseus alianza safari ya kurudi kwao akiwa na merabu 12. Katika nchi moja aliingia na wenzake 12 katika pango la Polyphemus, zimwi lenye jicho moja. Zimwi likaziba mlango kwa jiwe kubwa, likawala watu wawili. Usiku ule Odysseus alishika upanga ili aliue likiwa usingizini. Lakini akazuia mkono wake, maana alitambua kwamba likifa, hakuna awezaye kuliondoa jiwe lile, nao watafia humo humo. Hapa twaona maana ya akili: si kujua kupiga tu, bali kujua pia wakati wa kutopiga.

Siku ya pili, baada ya watu wengine wanne kuliwa, alilinywesha zimwi mvinyo mkali. Lilipomwuliza jina lake, akajibu, “Jina langu ni Hakuna.” Lilipolala wakalitoboa jicho kwa mti uliochongwa na kutiwa motoni. Zimwi likapiga kelele, na majirani wakaja mlangoni kuuliza ni nani alidhuruye. Likalia, “Hakuna aniuaye!” Basi majirani wakaenda zao. Asubuhi, zimwi lilipoondoa jiwe ili kondoo waende malishoni, Odysseus na wenzake wakatoka wakiwa wamejificha chini ya matumbo ya kondoo.

Kama hadithi ingalikoma hapo, ingalikuwa sifa tupu. Lakini mshairi hakumficha shujaa wake aibu. Merikebu ilipokwisha kuondoka pwani, Odysseus alishindwa kuuzuia ulimi wake. Wenzake walimsihi anyamaze, asisikie; akapaza sauti akalitajia zimwi jina lake la kweli, jina la baba yake, na nchi yake. Zimwi lilipokwisha kulijua jina lile, lilimwomba baba yake Poseidon, mungu wa bahari, kwamba Odysseus asifike kwao. Au akifika, afike amechelewa, amepoteza wenzake wote, na akute matata nyumbani. Ikawa hivyo. Wahenga wetu walisema kweli: akili nyingi huondoa maarifa.

Safari ile ilichukua miaka kumi mingine, na katika watu wote waliotoka naye Troy hakurudi hata mmoja ila yeye peke yake. Wengi waliangamia kwa makosa yao wenyewe, lakini msomaji hawezi kusahau majivuno yale ya kwenye merikebu.

Huko nyumbani wanaume 108 walikuwa wakila mali yake na kumtaka mkewe, Penelope, aolewe. Bibi huyu naye hakuwa mjinga. Aliwaambia wangoje amalize kufuma sanda ya mkwewe, Laertes. Mchana alifuma, usiku akafumua, akawachelewesha muda wa miaka mitatu. Odysseus aliporudi, alikuja katika mavazi ya maskini, akavumilia matusi na mapigo ndani ya nyumba yake mwenyewe mpaka saa yake ilipotimia. Yule aliyeshindwa kunyamaza mbele ya zimwi sasa alikuwa amejifunza kunyamaza.

Watu wa baadaye hawakupatana juu yake. Katika mchezo wa Sophocles wa mwaka 409 kabla ya Kristo, Odysseus ni mdanganyifu anayemfundisha kijana kusema uongo. Dante, mshairi wa Italia aliyekufa mwaka 1321, alimweka Jahanamu kwa mashauri yake ya hila. Lakini Mwingereza Tennyson, katika shairi lililochapishwa mwaka 1842, alimsifu kuwa mzee asiyechoka kutafuta elimu. Mwaka 1922 James Joyce alitoa kitabu kiitwacho Ulysses, juu ya siku moja ya mtu wa kawaida katika mji wa Dublin. Hata leo Waingereza huita safari ndefu yenye taabu kwa jina la utenzi huo.

Kwa nini ameishi muda mrefu hivi? Labda ni kwa sababu kila mtu ajiona ndani yake. Akili ni kama kisu: hukata kamba ya aliyefungwa, tena huweza kumkata mwenyewe akishikaye. Odysseus aliokoka kwa kulificha jina lake, akaponzwa kwa kulitangaza.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini Odysseus hakuliua zimwi usiku wa kwanza?
2. Je, hila iliyouangusha mji wa Troy ilikuwa werevu au udanganyifu? Toa sababu.
3. Kati ya Odysseus na Penelope, ni nani aliyeitumia akili yake vizuri zaidi?