Kangaja wangu wanapigana

*Mtaalamu, nina tangi la maji ya bahari, lita 200. Kangaja niliyemtoa Mombasa anamfukuza mwenzake mpya mpaka mapezi yamechanika. Nifanyeje? – Msomaji, Karatina*

Pole, ndugu msomaji. Kangaja wako si mkatili, analinda malisho. Mwambani hula mwani kwenye eneo lake, na mgeni wa umbo lilelile humwona kama mwizi. Kando ya shina la mkia ana mwiba mkali kama wembe. Huenda ndio uliochana.

Watenganishe leo kwa kiwambo cha plastiki chenye matundu, kisha panga mawe upya ili mwenyeji apoteze mipaka yake. Hita ishike nyuzi 25. Usiku wa huko ni baridi. Kidonda kikiota utando mweupe, au mgeni akigoma kula, mwite daktari wa mifugo anayejua samaki. Lakini lita 200 haziwatoshi kangaja wawili: mmoja arudi kwa aliyekuuzia.