Ukialikwa kwenye mkutano wa ukoo

Huku Kivu ya Kaskazini, Kongo, mtu wa Masisi au Walikale akihamia Goma, mara nyingi wanaompokea kwanza ni watu wa mutualite, chama cha jamii yake. Wahunde wana Bushenge Hunde, Wanyanga wana Bunakima. Chini ya hizo, kila ukoo hujikutanisha wenyewe, aghalabu Jumapili baada ya ibada, uani kwa mzee mmojawapo. Hakuna fomu ya kujaza. Unaingia kwa kutaja waliokuzaa.

"We mutoto wa nani?" Utaulizwa hata kabla hujaketi, na swali hilo lisikukwaze, kwa maana ndiyo karibu yenyewe. Taja baba, babu, na baba wa babu ukimjua, kisha kijiji na mwami, chifu wenu wa jadi. Ukikwama, tulia. Pembeni hakosi mama mzee wa kuuliza nyanya yako aliolewa akitoka wapi, na kwa jibu hilo moja atakuweka mahali pako. Koo zetu hufuata baba, lakini ndoa ndizo zinazokumbukwa sana. Kwa hiyo kabla ya kwenda, mpigie shangazi simu umwulize majina ya akina nyanya. Wengi huja na majina ya wanaume tu, wakahangaika bure.

Ukishatambuliwa utaonyeshwa jamaa mmoja mmoja. Usicheke: kijana anayekuletea kiti huenda akawa baba yako mdogo, na utamwamkia hivyohivyo. Kasiksi, pombe ya ndizi, ikipita nawe hunywi, pokea kikombe, umpe wa jirani, hakuna atakayechukia.

Mchango upo, wa matanga, wa harusi, wa mgonjwa aliyelazwa. Mwulize katibu kiasi chake na uhakikishe jina lako limeandikwa daftarini. Aliyekimbia vita na hana kitu asijifiche. Aseme, apewe kazi: kuchota maji, kupanga viti, kukesha msibani. Hiyo nayo ni mchango, na ukooni huhesabiwa hivyo.

Lakini ujue mpaka. Wabelgiji walianza kuleta Wanyarwanda Masisi mwaka 1937, na tangu mauaji ya Wanyarwanda katika soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993, swali la nani mwenyeji limemwaga damu nyingi. Mkutano ukiacha mambo ya matanga ukaanza kuhesabu vijana wa kupewa silaha, aga uende. Orodha ya ukoo ibaki daftarini. Usiipige picha kuituma kwenye simu.

Tena, ukoo kukutambua hakukupi karatasi. Mtoto aliyezaliwa aandikishwe serikalini ndani ya siku 90. Kisheria ni bure, na mama asiye na mume anaweza kumwandikisha mwenyewe. Aende na karatasi ya kituo cha afya alikojifungulia.