Kuzuia Viputo vya Hewa katika Kazi za Plasta

Katika mazoezi ya kufundisha tulikagua somo moja la sanaa, Darasa la Tano. Watoto walikuwa wamemimina plasta juu ya alama za majani ya mwembe zilizogandamizwa katika udongo wa mfinyanzi. Plasta ilipoganda na udongo kubanduliwa, majani mengi yalitokea yamejaa matundu. Mtoto mmoja alilitazama lake, akalificha chini ya dawati. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha akamwambia, "Hukuwa makini." Kosa halikuwa la mtoto. Matundu yale yaliachwa na viputo vya hewa, na mwalimu hakuwa amewafundisha watoto namna ya kuvizuia.

Unga wa plasta hupatikana kwa kuchoma jasi hata ipoteze sehemu kubwa ya maji yake. Uchanganywapo na maji, huyarudisha yale yaliyopotea ukawa kitu kigumu. Hewa iliyomo kati ya chembe za unga, pamoja na ile iingizwayo kwa kukoroga, isipotoka kabla ya plasta kuganda, haitoki tena. Kwa hiyo mwalimu azingatie hatua hizi:

1. Atangulize maji katika bakuli, kisha anyunyize unga kidogo kidogo. Vikombe 2 vya unga kwa kikombe 1 cha maji hutosha.

2. Auache mchanganyiko dakika 1 au 2 bila kuugusa, ili unga unywe maji na hewa ipande juu.

3. Akoroge taratibu, kijiti kikigusa chini ya bakuli. Asiupige kama apigavyo mayai.

4. Apake tabaka jembamba kwa brashi katika mistari ya jani, kisha amimine plasta iliyobaki kutoka pembeni, kwa mchirizi mwembamba.

5. Agongegonge ubao uliobeba udongo, ili viputo vilivyosalia vipande na kupasuka.

Plasta huanza kuganda baada ya dakika chache tu. Hivyo kila kikundi kichanganye kiasi kidogo. Tena, igandapo hutoa joto kali. Mwaka 2007, huko Uingereza, msichana wa miaka 16 alipoteza vidole baada ya kutumbukiza mikono katika plasta darasani. Mtoto asiruhusiwe kamwe kuchukua umbo la mkono wake kwa njia hiyo.

Tunashauri mwanachuo aijaribu kazi hii mwenyewe kabla ya siku ya somo. Darasani, atengeneze majani mawili: moja kwa haraka, la pili kwa kufuata hatua. Watoto wayalinganishe na kutafuta sababu ya tofauti.

Mwanachuo tuliyemtaja alilirudia somo lake juma lililofuata. Yule mtoto aliyeficha kazi yake ndiye aliyewaeleza wenzake kwa nini maji hutangulia unga.