Maharage ya Jadi na Vidonge vya Kisukari

Swali: Vyakula vya jadi vinazuia kisukari, au tutegemee dawa tu?

Jibu: Watazame Wapima, kabila la wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani. Walowezi walipochepusha maji ya Mto Gila, mashamba yao ya maharage yalikauka. Unga mweupe na sukari vikashika nafasi. Utafiti wa 2006 ulikuta kisukari kwa asilimia 38 ya watu wazima huko, lakini 6.9 tu kwa ndugu zao wa Mexico, wanaolima kwa jasho. Utasema ni urithi. Mbona asili yao moja? Wala tiba ya hospitali haipingi hilo: jaribio la Marekani la 2002, kwa watu waliokaribia kuugua, lilionyesha lishe na mazoezi vikipunguza hatari kwa asilimia 58, na vidonge vya metformini kwa 31. Ila aliyekwisha kuugua asiache dawa zake kwa sababu ya maharage.